Msimu Niliokonda Makindu

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Leo nimepimwa kwa mizani ya magunia. Ile ya zahanati imekufa tangu Pasaka, kwa hivyo daktari, kijana mmoja aliyeletwa juzi kutoka Mutomo, alinituma kwa Kivuva anayenunua ndengu, nipande pale kisha nimletee jibu. Nikapanda. Kivuva akasukuma kile chuma, akakisukuma tena, akasema, "Mwalimu, umepita gunia la mahindi." Watu wa foleni wakacheka kwa furaha kabisa, na bibi mmoja akaniombea baraka, maana hapa unene ni sifa. Nikarudi na jibu langu. Daktari hakucheka. Alisema nina ugonjwa wa sukari, na nisipopunguza mwili tutaanza sindano.

Mama yangu alikuwa na sukari. Kwanza walimkata mguu, kisha macho yakazima, na miaka yake ya mwisho nilimlisha kwa kijiko. Naogopa sana. Naandika hapa kwa sababu daktari amesema niandike kila kitu ninachokula.

Jumanne, 7 Septemba

Uji bila sukari. Kunde. Nusu chapati. Jioni, ile nusu nyingine.

Jumamosi, 11 Septemba

Wanjiro, binti yangu, amekuja kutoka Nairobi na rundo la magazeti ya akina mama. "Mum, Nairobi kila mtu yuko kwa diet," akasema, kana kwamba ni kanisa jipya. Kuna diet ya supu ya kabichi, wiki nzima kabichi tu. Kuna ya mayai na balungi. Kuna ya siku ya ndizi na siku ya maziwa. Katika picha zote kuna mzungu mwembamba anacheka na bakuli tupu. Balungi hapa nitalitoa wapi? Nimechagua kabichi kwa kuwa inauzwa sokoni.

Wanjiro alipokuwa akijiandaa kuondoka nilimfungia maandazi ya njiani. Nilikaa nayo jikoni peke yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 15 Septemba

Kabichi.

Alhamisi, 16 Septemba

Kabichi. Kichwa kinauma.

Ijumaa, 17 Septemba

Kabichi. Darasa la nane wamepika keki ndogo kwenye somo la sayansi kimu. Zimeumuka vizuri. Nimewapa alama kwa kutazama, bila kuonja, na mtoto wa mbele akaniangalia kama nimemtukana.

Jumapili, 19 Septemba

Nimeanguka. Baada ya ibada nilimsindikiza mgeni wa shule hadi hekalu la Singasinga, wale Wahindi wa vilemba, kwa kuwa alitaka kuliona. Pale ukifika unaketi chini na wenzako, unapakuliwa, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Chapati za moto, dengu, wali wa maziwa. Mgeni alikula kidogo kwa adabu. Mimi nilikula kama lori linajazwa mafuta. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Jumatatu, 20 Septemba

Nimeyapeleka magazeti ya Wanjiro chooni. Nimefundisha watoto wa watu kupanga mlo miaka ishirini na miwili, na mimi mwenyewe nikawa natafuta akili kwa mzungu wa kwenye picha. Kuanzia leo napanga mwenyewe: ndengu, kunde, mboga, papai, yai, mkate kidogo wa unga usiokobolewa. Mafuta ya kupimwa kwa kijiko. Kutembea hadi shuleni na kurudi.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimepanda tena mizani ya Kivuva. Sasa niko chini ya gunia. Kivuva hakufurahi. "Mwalimu, kuna shida nyumbani?"

Jua kali. Mbegu zimenunuliwa, mashamba yamelimwa, mbingu haina hata wingu la kusingiziwa. Watu wameanza kupanga foleni ya mahindi ya serikali, na mimi napita hapo nikikataa chakula kwa hiari yangu. Aibu ya namna hiyo sikuwahi kuifikiria.

Jumatano, 6 Oktoba

Kina mama wa kanisa wamepanga pikiniki ya kufunga mwaka, kwenye chemchemi karibu na Kibwezi, Desemba. Kila mwaka sandwichi ni zangu. Kila mwaka ni mkate mweupe, siagi nene na jamu. Mwaka huu nimesema hapana. Nimechemsha ndengu hadi zikalainika, nikaziponda na kitunguu, dhania, ndimu na chumvi kidogo. Juu yake karoti ya kukwaruzwa. Chini nimepaka maziwa lala yaliyochujwa kwa kitambaa badala ya siagi, na mkate ni wangu, wa unga wa ata usiokobolewa. Nimekula kipande kimoja nimesimama karibu na jiko. Kusema kweli kimenishinda kwa utamu. Ni mara ya kwanza tangu Septemba nafurahia kitu mdomoni.

Jambo la kukumbuka: karoti ikamuliwe kwanza, la sivyo mkate unalowa. Na zifunikwe kwa kitambaa kibichi, kwa joto la hapa mkate unakauka ukiuangalia.

Jumamosi, 16 Oktoba

Kina mama walikuja kwangu kwa ushirika. Mwenyekiti wetu, Nzilani, yule Mama Mutie mwenye sauti, aliongoza maombi ya mvua kwa nusu saa. Nilipika chapati, maharagwe na kuku. Niliwapakulia, nikasimama nikinywa maji na kuwakaribisha. Nilijisifu moyoni kwamba sikugusa hata ngozi ya kuku. Walikula kidogo sana. Chapati zimebaki karibu zote.

Thuo, mume wangu, amefika usiku na lori, amezikuta, amezila. "Leo umenipikia kama harusi," akasema. Kisha akanishika mkono, akaona saa yangu inavyozunguka kwa ulegevu.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kalondu ndiye aliyeniambia. Anafundisha darasa la tatu, na ni mmoja wa wale wasioweza kuficha jambo usoni. Wakati wa chai alikuja akaketi karibu nami, akasogeza kikombe chake, akakirudisha.

"Mwalimu, usikasirike. Watu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Wanasema umekonda. Na mzee yako ni dereva wa Mombasa na Kampala."

Nikaelewa hapo hapo, lakini nilimwacha amalize, maana nilitaka kusikia mwisho wake ukoje.

"Na ile Saturday, ulipikia watu chakula mingi na wewe hukukula. Mtu hawezi pikia watu kitu yeye mwenyewe hawezi kuonja. Wengine wanasema labda unataka kutuachia hiyo kitu."

Hiyo kitu. Hata jina hawalitaji. Nikamwambia Kalondu ni sukari. Akasema, "Mimi naamini, mwalimu," lakini jicho lake lilikuwa kwenye kikombe changu.

Mimi ni wa kuja hapa. Nilitoka Nyeri na Thuo wakati Wanjiro ananyonya. Katika miaka hiyo yote, kila nyumba niliyoingia mwenyeji alichukua kikombe cha uji, akanywa yeye kwanza, ndipo akanipa. Nilipokea na kushukuru. Sikuwahi kukaa chini nikajiuliza wanafanya hivyo kwa nini, kumbe ni kumwonyesha mgeni kwamba hakuna ubaya ndani. Na siku yangu ilipofika nikasimama mbele yao na glasi ya maji, najivuna.

Jumatano, 27 Oktoba

Nzilani amepita barabarani. Nimemsalimia. Ameitikia akiangalia juu, kama anatafuta mvua.

Jumanne, 2 Novemba

Mzazi mmoja amekuja kwa mwalimu mkuu. Anataka mtoto wake asile chochote kwenye somo langu. Mwalimu mkuu, Ndolo, mtu mwema, alinieleza huku akipanga chaki zilizokuwa tayari zimepangwa. Nikamwambia sawa.

Nimefundisha jinsi ya kukunja kitambaa cha meza.

Alhamisi, 4 Novemba

Bado kavu. Nimekula kunde. Nimechoka hata kuandika nimekula kunde.

Jumamosi, 13 Novemba

Daktari amefurahi. Sukari imeshuka, hakuna sindano. Amenipa mkono. Kijana wa watu hajui kwamba kila kilo aliyoniondolea imeenda kuongezwa kwenye midomo ya watu.

Njiani nilifikiria kununua maandazi na kuyala pale sokoni mbele ya kila mtu, hadi nirudi kuwa gunia. Wangenipenda tena. Kisha nikaukumbuka mguu wa mama.

Jumatano, 17 Novemba

Mama Pasta amekuja. Amesikia yote, ameona haya kwa niaba ya kanisa. Amesema Jumapili atasimama baada ya matangazo, aseme wazi kwamba dada yetu ana sukari, amethibitishwa, na mwenye ulimi aufunge.

"Nitangaze?" akauliza.

"Tangaza," nikasema. "Tena kwa sauti."

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 19 Novemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana bila kubisha, na kufikia saa tisa maji yalikuwa yanapita mlangoni na viatu vya mtu. Watoto wa jirani wamekimbia nje uchi. Nilikuwa nimekinga ndoo chini ya paa nilipomwona mwanamke anakuja katikati ya maji hayo bila hata gunia kichwani. Ilikuwa Nzilani.

Aliketi kwenye kigoda cha jikoni akichuruzika. Nilimpa taulo, akaliweka magotini.

"Mama Wanjiro, sijakuja kukuchokoza."

"Karibu."

"Kasyoka alirudi."

Kasyoka ni binti yake. Nilimfundisha. Alikuwa mpishi hodari na mvivu wa kuosha vyombo. Tulijua yuko Mombasa, anafanya kazi hotelini.

"Alirudi lini?"

"Mwezi wa saba. Nimesema kwa watu yuko Mombasa, lakini yuko kwa nyumba ya nyuma. Amekonda, Ngai wakwa, Mungu wangu, amekonda. Na hakuli. Tulimwekea sahani yake na kikombe yake kando, shangazi yake alisema ni lazima. Akiona hiyo sahani anageukia ukuta." Akakamua kona ya leso, maji yakamwagika sakafuni, akayatazama. "Wewe unatembea. Unafundisha, unabeba maji. Unakulanga nini?"

Nikasema polepole, ili nisikike vizuri kwenye kelele ya mabati. "Mama Mutie, mimi nina sukari. Siyo huo mwingine. Jumapili Mama Pasta atawaambia watu wote."

Nilisubiri aniombe msamaha. Nilikuwa nimeshaandaa sura ya kuupokea.

"Ni wewe uliyeanza kusema?" nikamuuliza.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Wakiangalia kwako, hawaangalii kwangu."

Ningeweza kumtoa nje. Nilikuwa na haki hiyo na nilikuwa na mwiko mkononi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Nilimwambia Kasyoka kuna mwalimu mmoja hapa Makindu ako kama yeye, na anatembea, na anafundisha. Akaniuliza, kweli? Nikasema kweli. Jana akakunywa uji, kikombe mzima." Aliinua uso, na mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka tangu binti yake arudi. "Tafadhali, mama. Usimwambie."

Jumamosi, 20 Novemba

Nimeamka na hasira. Nimefagia ua mara mbili, tope tupu. Mwanamke ananipaka uchafu, halafu anakuja kuniomba niuvae kama nguo ya sikukuu! Na Thuo je? Na Wanjiro, akitaka kuolewa?

Saa sita nilikuwa naponda ndengu. Sikumbuki kuamua. Nilikata mkate mwembamba, nikatoa maganda ya pembeni kwa kuwa mtu mgonjwa vidonda vya mdomo vinamsumbua, nikapaka maziwa lala mengi kuliko ninavyojiruhusu mimi. Huyu anahitaji mafuta. Mlo wangu umegeuzwa kichwa chini: kila nilichojinyima nimeongeza kwake.

Nyumba ya nyuma ina dirisha moja. Kasyoka alikuwa ameketi kitandani, ametandikiwa shuka safi. Sitaandika alivyo. Alinitazama mikono, shingo, nguo inayonipwaya, akatabasamu kidogo.

"Mwalimu. Na wewe?"

Niliketi kitandani, nikachukua kipande kimoja, nikauma, nikampa kilichobaki. Alikula nusu. Nzilani alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili.

Jumapili, 21 Novemba

Nilimkuta Mama Pasta kabla ya ibada, nikamwambia asitangaze. Alidhani ni woga. Akanisihi. Nikasema ni mambo yangu, aniachie. Alinitazama kwa namna mpya, akarudi nyuma kidogo, na nikajua kwamba sasa yeye pia anaamini.

Nilikaa benchi langu. Hakuna aliyeketi karibu.

Alhamisi, 25 Novemba

Thuo amerudi. Madereva wenzake wamemuuliza pale kituo cha mizigo, mbele ya watu. Nikamweleza yote, Kasyoka na mama yake. Akasikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Yule msichana namhurumia," akasema. "Lakini na mimi je, Mama Wanjiro? Mimi natangaziwa kitu ambacho sina."

Ana haki kabisa. Alikunywa chai yangu isiyo na sukari hadi chini, akaenda kukagua magurudumu ambayo alikuwa ameshayakagua.

Jumatatu, 29 Novemba

Mahindi yameota. Kunde changa. Kasyoka amekula kimoja chote.

Jumamosi, 4 Desemba

Pikiniki.

Thuo hakwenda safari. Alfajiri aliamka akakamua karoti nami, na mikono yake mikubwa iliikausha vizuri kuliko yangu. Tulitengeneza sandwichi za kutosha kina mama wote, ingawa nilijua huenda wasizile. Tulizipanga katika kasha la bati, kitambaa kibichi juu. Alinibebea hadi kwenye kanta, lile lori dogo la kanisa, akalipakia mwenyewe, akawasalimia kina mama mmoja mmoja kwa jina. Walilazimika kumpa mkono.

Kule chemchemini kuna miti mikubwa na maji ya kuonekana hadi chini. Walitandika leso. Chapati zikatoka, kuku, viazi, soda. Nililiweka kasha langu katikati, nikalifungua. Harufu ya dhania ikatoka. Kina mama wakasifu maji, wakasifu miti, wakasifu mvua. Kalondu alitazama kasha, akatazama wenzake, akachukua kiazi.

Safari hii nilifanya inavyofanywa. Nilichukua kimoja, nikasimama mahali pa kuonekana, nikauma, nikatafuna, nikameza. "Karibuni," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alianza wimbo wa kusifu ili kuziba pengo, na ukaanguka katikati ya ubeti.

Nilikuwa nimechoka. Nataka kuliandika hilo wazi. Sikuwa jasiri, sikuwa na subira ya watakatifu. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni sukari, sukari, sukari, na nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Nzilani akainuka. Ni mwanamke mnene, huinuka kwa hatua. Alivuka leso za watu wote, akanifikia, na hakuinamia kasha. Alichukua kile kilichokuwa mkononi mwangu. Akakiuma pale pale nilipokuwa nimeuma mimi.

"Iko na ndimu," akasema akitafuna, kwa ile sauti yake ya kuongoza maombi. "Mwalimu, hii ni tamu. Kwa nini mnakaa? Hamna mikono?"

Kalondu alikuja. Kisha bibi mmoja wa kwaya, kisha mwingine. Wengine hawakuja, na Mama Pasta alikuwa mmoja wao. Tulirudi na kasha lililobaki nusu. Nzilani alifunga vinne kwenye leso yake mbele ya macho ya wote. Mmoja akamuuliza anampelekea nani.

"Kasyoka wangu," akasema. "Yuko nyumbani. Ni mgonjwa."

Kwenye kanta alikaa karibu nami hadi Makindu.

Jumanne, 7 Desemba

Mizani ya Kivuva. Kilo hazijabadilika. Amenipa ndengu za bure, akasema nipike supu, nirudishe mwili.

Ijumaa, 10 Desemba

Kalondu amepeleka uji kwa kina Nzilani. Ameketi ndani, ametoka baada ya saa nzima.

Jumapili, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Bendi ya shule imepita, viatu vyao vimejaa tope jekundu. Baada ya ibada nilikwenda nyumba ya nyuma. Siku hizi mlango huachwa wazi.

Kasyoka ni dhaifu zaidi. Sijidanganyi, na mama yake hajidanganyi. Sahani ya kando imeondolewa. Nilimwonyesha nilichobeba, akaniambia karoti leo nimekwaruza nene, ningempa yeye alama ndogo kwa kazi kama hiyo. Tukacheka. Kisha akaniangalia kwa makini.

"Mwalimu, wewe walikupima wakaona lini?"

Nzilani aliacha kukunja nguo.

"Septemba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea hesabu aliyokuwa akiitafuta. "Basi mimi nimekutangulia," akasema. "Usiogope, mwalimu. Mwanzo ndio mbaya."

Nikamshukuru. Nikamega mkate, nikaonja kwanza, nikampa.